Nafasi ya Mama Kwenda Jangwani

Nilimtilia mama yangu makufuli kwenye begi. Nalisema hili mwanzo kabisa msije mkalisikia kwa mtu mwingine mkaniona mnafiki, maana yote yatakayofuata nimeyaandika kwa hasira, na mtu mwenye hasira akihesabu wakosaji hujiruka. Yalikuwa makufuli ya shaba, mapya, bado yananuka grisi, sampuli za mteja wa baba. Niliyatumbukiza chini kabisa ya begi lake la mgongoni, nikayafunika kwa taulo, nikafunga zipu, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi kusubiri kicheko. Nilikuwa na miaka tisa. Akili ya miaka tisa mnaijua.

Jambo lenyewe limenirudia majuzi hapa bwenini. Jamaa wa kitanda cha chini aliteguka mguu kwenye mpira, akajipaka dawa ya kuchua, ile ya kahawia ya kichupa kidogo, inayonuka karafuu na kafuri mpaka macho yanatoa machozi. Wenzangu wakaziba pua wakaanza kumtukana. Mimi nikabaki nimesimama na ndoo yangu ya maji mkononi, hasira inanipanda kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Jamaa akaniangalia. "We vipi, nimekukosea nini?" Nikamwambia anyamaze, yeye hahusiki. Ni kweli hahusiki. Anayehusika ni baba yangu, na mimi kidogo, na mji mmoja uliojaa kamba za nguo madirishani unaoitwa Guangzhou, kule China.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Baba yangu, Bakari, mtu wa Tanga, alikuwa wakala wa mizigo pale Xiaobei, mtaa ambao ukipiga kelele "Kariakoo!" watu watano wanageuka. Wafanyabiashara walikuja kutoka Dar, Unguja na Mombasa, wakanunua mashati, bawaba, feni, maua ya plastiki. Wachache waliweza kujaza kontena zima peke yao. Kwa hiyo baba alikodi kontena akawagawia nafasi, huyu kona hii, yule kona ile. Nafasi! Sijapata kusikia neno likifanyishwa kazi namna ile. Mteja akichelewesha mzigo, baba alimpa nafasi yake mtu mwingine kabla hajamaliza kujitetea. "Nafasi haikai tupu," alikuwa akisema, huku akipiga bati la kontena kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni. Na alikuwa na kanuni nyingine, ambayo wateja waliisifu sana: mzigo wake mwenyewe alikuwa anaupakia mwisho. Ukienea, sawa. Usipoenea, unabaki. "Wa nyumbani hagombanii mlango na mgeni," alisema. Nami nilimwona mtu mwungwana kupita wote duniani.

Mama alikuwa mwalimu wa jiografia kabla hatujamfuata baba huko. Wateja wote walimwita Mwalimu, ingawa pale Guangzhou aliyemfundisha ni mimi peke yangu, kwenye meza ya jikoni, kati ya kuchambua mchele na kukaanga samaki wa hao wateja. Wachina wa madukani walimwita mke wa laoban, yaani mke wa bosi, naye alikuwa akiwaitikia kwa uso wa mtu anayetaniwa na asiyemjua. Shuleni kwake Tanga, kila mwaka, alichora ubaoni lile bonde kubwa la jangwa la Marekani, kwa chaki nyekundu, ya njano na nyeupe, tabaka juu ya tabaka, kutoka kwenye picha iliyochanika nusu. Aliniambia kwamba kila mwaka kuna mtoto mmoja aliyeuliza, "Mwalimu, umefika?" na kila mwaka alijibu, "Bado."

Sasa siku moja, baba akiwa na furaha kwa sababu kontena limeondoka salama, mama akasema katikati ya chakula:

"Baba Jabiri, Oktoba viwanda vikifungwa kwa sikukuu yao ya taifa, tutakaa humu ndani tunatazamana? Mimi nataka kwenda jangwani."

Baba akaacha kutafuna. "Jangwani? Kule kwenye mafuriko? Utoke China uende Dar kukanyaga matope ya Jangwani?"

"Jangwa lenyewe, Bakari. La mchanga. La Marekani ikiwezekana."

"Marekani!" Baba akainua mikono kama mtu aliyetajiwa bei ya kwanza. "Mwalimu, wewe umekaa mji huu muda wote huu hujajifunza kitu? Hakuna kitu Marekani wanacho ambacho Mchina hana kwa nusu bei. Jangwa lazima wanalo. Tutakutafutia kopi."

Nilicheka mpaka wali ukanitokea puani. Mama hakucheka. Aliinuka, akaleta ramani yake, akaikunjua juu ya sahani zetu, akaweka kidole juu kabisa upande wa kaskazini magharibi, mahali palipopakwa rangi ya biskuti. "Wanalo," akasema. "Na si kopi. Hili lilikuwepo kabla Marekani haijapewa jina."

"Si unaona!" baba akasema, mshindi.

Hivyo ndivyo safari yetu ilivyozaliwa. Tangu siku hiyo ramani ilibandikwa kwenye mlango wa friji, na huwezi kuchukua maji baridi bila kulivuka jangwa la Gobi. Mama alichagua mji wa Dunhuang, mwisho wa safari ndefu ya treni, ambako kuna vilima vya mchanga vinavyoimba. Ndiyo, vinaimba. Upepo ukipita, au watu wakiteleza kutoka juu, mchanga unatoa mvumo kama ngoma iliyo mbali. Katikati ya vilima hivyo kuna kiziwa kimejikunja kama mwezi mwandamo, na mchanga haujawahi kukifukia. Mama aliyaeleza haya kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiwa anaeleza kitu kingine chochote. Tungepanda vilima kwa miguu kabla ya jua kukolea, tungeteremka mchana, tungelala, tungeyaona mapango ya kale yaliyochorwa kuta mpaka darini. Alipima maji ya kila mtu. Alinifundisha kunywa kidogo kidogo, kufunga kilemba, kuweka kisigino kwanza kwenye mchanga wakati wa kuteremka. Tulifanya mazoezi ya visigino kwenye godoro.

Baba alipanga kwa namna yake. Alikata tiketi za vitanda vitatu, kimoja juu ya kingine: cha chini cha mama, cha katikati changu, cha juu chake. Tiketi za treni enzi zile hazikuandikwa jina la mtu. Zilikuwa na namba ya behewa na namba ya kitanda, basi. Anayeishika ndiye msafiri. Alituletea pia viatu vya kupandia milima kutoka kwa mwenye kiwanda mmoja, vya bure, vizuri ajabu. Mama alipovivaa aligundua vyote ni vya mguu wa kushoto. Sampuli hutolewa mguu mmoja tu ili usiende kuziuza, na baba, katika furaha ya kupata cha bure, alikuwa amesahau kwamba mkewe ana miguu miwili. Siku hiyo tulicheka wote. Mama akaenda kujinunulia vyake, na akapita Shahe, kwenye nguo za jumla, akarudi na kofia pana ya kitambaa yenye kamba ya kidevuni. Aliivaa jikoni akikaanga vitunguu.

Na alianza mazoezi. Tulikaa ghorofa ya saba, jengo lisilo na lifti. Kila asubuhi alilijaza begi chupa za maji, akavaa buti na kofia, akashuka hadi chini, akapanda hadi juu. Akashuka tena. Majirani walimpisha kwenye ngazi wakidhani ni ibada. Bibi Liang, aliyekuwa akifagia jengo, alimhesabia kwa sauti kama mwamuzi wa ndondi. Baba aliwaambia wateja, "Mwalimu kajiunga na jeshi." Na mimi, mtani mkuu wa nyumba, nilihisi napitwa. Wote walikuwa na mzaha juu ya mazoezi ya mama isipokuwa mimi. Ndipo nilipoyaona yale makufuli.

Sasa niwatambulishe mwenye makufuli. Bwana Sefu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Dar, mteja mkubwa, mwenye sauti ya taratibu na tumbo la heshima. Ilikuwa mara yake ya kwanza Guangzhou, akafanya kosa la wageni wote. Alikuja mapema kabla ya yale maonyesho makubwa ya bidhaa ya Oktoba, ili awawahi wenzake, akafika wenye viwanda wakiwa wameshaanza kufunga kwa sikukuu. Kila shata imeshushwa. Aliyemkuta mlangoni alimwambia "meiyou", yaani hakuna. Zaidi ya lile boksi moja la sampuli, kufuli hakuna, bawaba hakuna, bosi hakuna. Basi akawa anashinda kwetu, anakula, anasinzia kwenye kochi, anaamka anauliza, "Shemeji, kuna chai?" Baba alimtazama kama mtu anayelinda yai. Mawakala wengine wa mtaa wa jirani, Dengfeng, walishaanza kumsalimia Bwana Sefu kwa jina, na wakala akikusalimia kwa jina wiki ya kwanza, ya pili kontena lako liko kwake.

Asubuhi ile mama akabeba begi. Nilimwona akilivuta begani, akasita kidogo, akalirekebisha, akaanza kushuka. Nikamfuata kwa nyuma nikijiziba mdomo. Nilikuwa nimeshatunga na maneno ya kusema atakapochoka na kukaa chini: "Mwalimu, jangwa limehamia kwenye begi." Hata leo nikiyaandika nayaonea aibu. Si mazuri hata kama mzaha. Wakati wa kupanda, kwenye kona ya ghorofa ya nne, begi lilimvuta upande, buti likakosa ngazi, akaenda chini kwa goti na kifundo cha mguu. Nikasikia shaba inagonga saruji ndani ya begi. Nikacheka. Nilicheka kwa sababu kicheko kilikuwa tayari mdomoni kinangoja, kama mate. Halafu nikaona mama hacheki, halii, ameshika tu mguu na midomo imekuwa ya kijivu.

Bibi Liang alitupa ufagio, akaja na kile kichupa chake cha dawa ya kahawia, akamvua buti, akaanza kumchua huku akiniamrisha kwa Kichina ambacho nilikielewa chote: usisimame hapo kama gogo, chukua begi! Nikachukua begi. Nikalikimbiza juu, nikayarudisha makufuli kwenye boksi lake moja moja, mikono inanuka grisi, na nilipomaliza nilikuwa mtoto mwema anayesaidia. Hakuna aliyejua. Ndivyo nilivyodhani.

Baba akaja mbio. Namtendea haki: alikuja mbio kweli, akambeba mama mgongoni ngazi zote zilizobaki, akamlaza kitandani, akasema pole mara nyingi. Akampikia chai mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Kisha, chai ikiwa bado inatoa moshi, niliona macho yake yanahama. Nayajua macho yale. Ni macho anayotumia akisimama mbele ya kontena lenye kona iliyobaki wazi.

"Mguu kama huu, Mwalimu, hautapanda mchanga," akasema taratibu.

"Tunaondoka baada ya siku tano, Bakari. Utapona."

"Inshallah. Lakini Bwana Sefu hapa anakaa tu..."

Hakumaliza. Alitoka kwenda sebuleni, na kupitia ukutani nikamsikia Bwana Sefu akisema, "Lo! Kweli? Jangwani? Mimi hata nguo za jangwani sina!" na baba akicheka kile kicheko chake cha wateja.

Mguu ulipona. Hilo ndilo linalonikaa kooni mpaka leo. Siku ya tatu mama alisimama. Siku ya nne alifunga buti zote mbili, akapiga hatua sebuleni kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, bila kuchechemea, mbele ya baba. "Umepona," akasema.

Baba alikuwa anafunga kamba boksi fulani. Hakuinua uso. "Nafasi nimeshaitoa, Mwalimu. Neno langu kwa mteja ni neno."

"Na neno lako kwangu?"

"Wewe si mgeni. Wewe ni wa nyumbani."

Nilikuwa chini ya meza, nacheza na kipande cha kamba. Lile neno nililokuwa nalipenda lilinipita masikioni kama maji machafu. Nilitaka mama apige kelele. Avunje kitu, vyombo vilikuwepo tele. Yeye alisema tu, "Haya," akavaa kofia yake, akanishika mkono, tukaenda stesheni.

Uwanja wa stesheni ulikuwa umefunikwa na watu, wamekalia mifuko ya rangi ya bluu na nyekundu, wanakula mayai, wanalala juu ya magoti ya wenzao, China nzima inarudi kwao. Tulipanga foleni tangu asubuhi hadi jua likatuhama upande. Mama aliuegemeza ule mguu kwenye wangu, kidogo tu, akidhani sioni. Tulipofika dirishani alisema kwa Kichina alichokifanyia mazoezi njia nzima: kitanda kimoja, popote kilipo, au hata kiti, au hata kusimama. Yule dada wa ndani hakuwa mkali. Alitikisa kichwa na kusema kwenye kipaza sauti lile neno ambalo kila mtu wa Xiaobei analijua. Meiyou. Mama alimshukuru. Tukarudi nyumbani, na njiani mama akaninunulia mua uliomenywa, nami nilikula mua ule nikiwa na hasira mpaka ukaniumiza ufizi.

Usiku wa kuamkia safari tulikula pamoja. Mama alikuwa ameshaandaa chakula cha njiani, visheti, kachori, kuku wa kukaanga mkavu, na kwa kuwa chakula kilikuwepo na msafiri alikuwepo, kikawekwa mezani Bwana Sefu akionje. Akaonja. Akaonja tena. Mashavu yamejaa, akasema bila ubaya wowote:

"Shemeji, pole na mguu. Lakini kila jambo lina heri yake. Bila ule mguu mimi ningeliona wapi jangwa?"

"Bila ule mguu wewe usingelala kitanda cha mama yangu!" nikasema.

Bwana Sefu aliacha kutafuna, na naapa masikio yake yalibadilika rangi, maana masikini kumbe alikuwa haelewi. Alidhani tiketi ilikuwa imebaki tu. Baba akaniambia niombe radhi. Nikasema siombi. Akaniambia tena kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi. Nikasema siombi na siendi, mpe hata kitanda changu, si kazi yako kugawa vitanda? Alikuja upande wangu wa meza na mkono umeshainuka. Mama akasema, "Bakari," hivyo tu, na mkono ukashuka.

"Usipokwenda utabaki," baba akanitisha.

"Nabaki."

Nilidhani atanibembeleza asubuhi. Nilipoamka walikuwa wanatoka, na kwa kuwa mama asingeweza kuniacha peke yangu, begi kubwa la Bwana Sefu ndilo lililopewa tiketi yangu. Ndiyo. Kitanda cha katikati lililala begi. Na kichwani mwa Bwana Sefu, akishuka ngazi kwa uangalifu kama bibi harusi, ilikuwa kofia ya mama. Baba ndiye aliyempa. "Jua la kule kali," alisema.

Mama alisimama dirishani mpaka teksi ikaondoka. Kisha akaenda chumbani, akarudi amevaa buti. Amebeba begi. "Vaa viatu," akaniambia.

Tulipanda basi hadi Baiyun, mlima wa hapohapo mjini, ambako wazee wa Kichina huenda asubuhi kutembea kinyumenyume na kupiga kelele kwenye miti ili kusafisha mapafu. Hakuna mchanga. Kuna ngazi za mawe, mianzi, unyevu unaotiririka shingoni. Mama alipanda kama mtu anayemfukuza mtu. Kisigino kwanza, akavuta pumzi, kisigino kwanza. Nilijitahidi kumfikia huku nimebeba chupa za maji, na kadiri tulivyopanda ndivyo yale makufuli yalivyozidi kunikaba, mpaka kwenye kibanda kimoja cha kupumzikia yakatoka yenyewe.

"Mama, yale makufuli niliyatia mimi."

"Makufuli gani?"

"Ya kwenye begi. Siku uliyoanguka."

Aligeuka. "Kumbe yalikuwa makufuli?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Ulijua kuna kitu?"

"Begi langu silijui uzito? Nilijua tangu mlangoni. Nilidhani ni mizigo ya baba yako."

"Sasa mbona hukufungua?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza maji yanaloweshaje. "Jabiri, tangu niolewe sijasafiri na begi langu. Kila nikifika niendako nakuta humo ndani pasi, betri, vitasa, vya fulani na fulani. Nilishaacha kufungua." Halafu, kwa kuwa mama ni mama, alinishika sikio akalisokota mpaka nikaona nyota mchana, akanivalisha begi lote, na kusema nitalibeba hadi kileleni na kurudi. Nililibeba. Juu kule mji wote ulikuwa umefunikwa ukungu wa kijivu, huoni hata jengo letu. Mama alikaa juu ya jiwe akautazama ukungu kwa muda mrefu, na sikuthubutu kumuuliza anaona nini.

Baba alirudi wiki iliyofuata, ameungua pua, na furaha ya kutosha watu kumi. Alileta picha. Bwana Sefu juu ya ngamia. Bwana Sefu ukingoni mwa kile kiziwa. Bwana Sefu anateleza kwenye mchanga, mikono juu, kofia ya mama imepepea nyuma imeshikwa na kamba shingoni. Na baba alikuwa amemletea mama zawadi, chupa ya maji iliyojazwa mchanga. Aliushika kwa mikono miwili. "Unaimba kweli, Mwalimu," akasema. "Ulisema kweli. Nilikukumbuka." Uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa kitu chenye thamani. Hakuwa anaigiza. Ndiyo maana namkasirikia zaidi: mtu mbaya ningeshamsahau.

Sikumwamkia. Kwetu shikamoo haisahauliki. Mtoto anaitoa kabla hajajua anasema nini, kama kupiga chafya. Nilisimama mbele ya baba yangu mdomo nimeufunga. Akangoja. "Huna salamu, Jabiri?" Nikaangalia ukuta. Niliendelea hivyo siku ya pili, na ya tatu. Baba alikuwa anapita karibu yangu akipunguza mwendo, kidogo tu, kumpa mtoto nafasi ya kusema, na mtoto hasemi. Nilijiona shujaa. Nilijiona mtu pekee ndani ya nyumba ile mwenye haki na uchungu, maana mama alikuwa anapika, anasahihisha hesabu zangu, anamjibu baba "ndiyo" na "hapana" kwa adabu kamili. Nilidhani amesamehe. Nilidhani amesahau, nikamdharau kidogo kwa hilo, Mungu anisamehe.

Mwaka uliofuata tulirudi Tanga, mimi na yeye. Alirudi kazini kufundisha. Baba alibaki Guangzhou, na yupo huko hadi sasa, anatuma pesa na nguo zisizonienea. Ikanichukua muda kuona kwamba hatukuwa tumerudi kwa ajili ya shule yangu, kama nilivyoambiwa. Bwana Sefu aliendelea kuwa mteja wake, mteja mwema, na ada ninayosomea humu bwenini imetoka kwenye bawaba na vitasa vyake, kwa hiyo hata hasira yangu siwezi kuila bila kuonja chakula chake. Nikimuuliza mama kama bado anataka kuliona jangwa, la orijino au la kopi, ananiambia niende nikasome.

Lakini siku ile ya tatu ya kutomwamkia baba, mama aliniita jikoni. Alikuwa anamenya tangawizi. Hakuacha kumenya, hakuniangalia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayenituma chumvi. Nilicheka nilipomsikia, nikadhani amenitania, nikaenda nikamwamkia baba nikiwa bado nacheka, naye akafurahi mpaka akanishika kichwa. Sicheki tena. Mama alisema hivi, bila kuongeza wala kupunguza:

"Jabiri, mwamkie baba yako. Usimkasirikie kwa niaba yangu. Kazi hiyo naiweza mwenyewe."